Hosana Aitwa na Kisiwa Kizima

Sogeeni, sogeeni. Masikio mmekuja nayo? Haya.

Hosana na Baba wanakwenda Ukerewe, kwa Bibi. Wanakwenda kwa mashua. Pata-pata-pata! Tanga linacheza na upepo.

Hosana ana wasiwasi. Bibi alimwona mara moja tu, akiwa mchanga, hana hata jino.

"Baba, Bibi atanijua?"

"Atakujua tu."

"Na meno yote haya?"

Mashua ikakaribia ufuko. Lo! Watu hao! Wamejaa njia nzima. Wanapunga matawi ya mitende. Wanaimba:

"Hosana! Hosana!"

Hosana akaruka. "Baba! Wananiita!"

"Wewe, ngoja kwanza..."

Angoje wapi! Mtu ukiitwa, unaitika.

"Abeee! Nipo hapa!"

Chubwi! Akarukia majini. Chapa-chapa-chapa, mpaka ufukoni. Akateleza. Pwaa! Uso mzima kwenye tope.

"Hosana! Hosana!"

"Abeee! Nakuja!"

"Hosana! Hosana!"

"Abeee! Nimeshafika, jamani!"

Padri akakohoa. Mpiga ngoma akadondosha fimbo. Watoto wakacheka mpaka matawi yakawaponyoka.

Baba akafunga mashua, akaja mbio. Suruali inachuruzika maji.

"Mwanangu, leo Jumapili ya Matawi. Wanamwimbia Yesu, hawakuiti wewe."

Masikini Hosana! Aibu ikamjaa tele. Akajificha nyuma ya miguu ya Baba.

"Nina tope mpaka masikioni. Sasa Bibi hatanijua kabisa!" Akalia.

"Hosana!" sauti ikaita.

Hosana kimya. Ni wimbo tu huo. Leo hadanganyiki tena.

"Hosana! We Hosana!"

Kimya.

"Hosana, mjukuu wangu, umeziba masikio?"

Hosana akachungulia. Ni Bibi! Tawi mkononi, kilemba kimekwenda upande.

"Abeeeee!"

Bibi akamkumbatia na tope lake lote. Gauni jeupe la kanisani likawa la kahawia. Bibi hata hakujali.

"Bibi, umenijuaje?"

Bibi akacheka mpaka akakaa chini.

"Jina lako si nilikupa mimi? Kisiwa kizima tunamwimbia Yesu, na mtu mmoja tu anaitika 'Abee'. Nikasema, huyo! Mjukuu wangu amefika!"