Tope la Machimboni

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku na mdogo wake walifuatana na shangazi yao kazini. Shangazi alikuwa mlinzi wa hifadhi ya ndege. Zamani mahali hapo palichimbwa changarawe. Wachimbaji walipoondoka, mashimo yakajaa maji, matete yakaota, na ndege wakahamia. Jina la Chiriku msichana huyo alilipata kwa kuropoka toka kunakucha, lakini ndani ya kibanda cha kutazamia ndege hata yeye alinyamaza.

Siku hiyo shangazi alikuwa na wageni. Chiriku akaelekeza darubini ng'ambo, akamwona mdiria akiingia katika tundu ukingoni.

"Twende tukaone makinda," alinong'ona.

"Shangazi amekataza kuvuka uzio," mdogo wake alisema.

"Tunachungulia tu, tunarudi."

Wakavuka. Mdogo mtu akatangulia. Mara changarawe ikaporomoka chini ya miguu yake, akateleza mpaka chini, akazama topeni hadi magotini. Kila alipojaribu kujinasua alizidi kudidimia.

"Dada, linanivuta!"

Chiriku alinyoosha mkono, haukufika. Akatimua mbio. Mlangoni pa kibanda akakutana na shangazi uso kwa uso.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Yuko... yuko msalani."

"Haya, msikawie." Shangazi akawageukia wageni wake.

Chiriku aliganda pale pale. Akisema kweli, hataletwa tena hapa. Na asiposema? Kule ng'ambo kundi la bata liliruka ghafla, na katikati ya vishindo vya mbawa akasikia sauti nyembamba: "Dada!"

"Shangazi, nimekudanganya! Amezama topeni, kule kwa mdiria! Mimi ndiye niliyempeleka!"

Shangazi hakuuliza la pili. Alinyakua kamba na ubao mrefu, akakimbia, wageni nyuma yake. Walipofika, tope lilikuwa kifuani. Shangazi akatandaza ubao, akalala kifudifudi, akapitisha kamba kwapani mwa mtoto.

"Usirushe miguu, mwanangu. Nitazame mimi tu."

Wageni wakavuta polepole. Tope likamwachia kwa shingo upande, likabaki na kiatu kimoja. Chiriku alimkumbatia mdogo wake, tope na yote, akalia kuliko hata aliyezama.

Baadaye, mtoto akiwa amefunikwa koti, Chiriku aliuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, utanipiga?"

"Nikupige kwa mikono ipi? Itazame inavyotetemeka." Shangazi akavuta pumzi. "Kuvuka uzio ni kosa, na mwezi huu hamkanyagi hapa. Lakini kosa hilo lilikuwa na dawa. Uongo wako nusura uicheleweshe. Ukiingia matatani, mwanangu, sema kweli papo hapo, hata kama unaogopa. Kugombezwa kunapita. Mtu akishazama, hata ukisema kweli baadaye, haimrudishi."