Kijicho cha Afande Noa

Hapana, jamani, si wizi uliokiua chama cha maaskari wa Nguvumali. Ni kijicho. Kaeni niwaambie, na wewe jirani unayepita, simama kidogo.

Chama kile kilianza kwa mchango wa kumzika mwenzao. Kilichobaki wakanunulia sufuria kubwa, kisha turubai, kisha viti. Wakavikodisha harusini, mfuko ukanenepa, mpaka wakawa wanakopeshana ada za watoto. Jioni wanacheza bao, wanacheka. Raha mustarehe.

Ukaja uchaguzi wa mweka hazina. Noa, askari mpelelezi, alikitaka kiti kile mpaka usingizi ukamruka. Akapewa Sadalla. Noa akapiga makofi huku moyo unaungua. Haukupita muda, nyumba ya Sadalla ikaezekwa bati jipya, la rangi. Kila Noa akipita, anaona lile bati linamcheka yeye.

"Bati halioti kama uyoga," akamwambia mkewe, Imakulata.

"Umemuuliza?"

"Mpelelezi haulizi, mama. Anaona."

"Hilo si jicho la kazi, baba Bryson. Hicho kijicho."

Hakusikia. Kwenye bao akatupa neno: "Mwenzetu anakula, sisi tunanusa."

Weh! Neno la mpelelezi alipinge nani? Kila mtu akadai chake. Turubai likauzwa, viti vikauzwa, wakagawana. Na hesabu ya Sadalla, maskini, ilitimia yote! Bati alinunua mkewe, Bimdogo, kwa pesa za shamba lake la urithi huko Moa. Lakini chama ndiyo kimekwisha.

Kisha mama yake Noa akafariki. Jua la Tanga mnalijua. Watu wamesimama juani, kivuli hakuna, kiti hakuna, na chakula cha msiba kinapikwa kwa visufuria vya chai. Noa hana pa kuuweka uso.

Mara hao, Sadalla na Bimdogo, wameibeba ile sufuria kubwa ya chama, huyu huku, huyu kule.

"Hii ilikosa mnunuzi," akasema Sadalla. "Pole, afande."

"Afande, mimi ndiye niliye..." Noa akaanza.

"Najua. Chochea moto kwanza."

Bimdogo naye: "Shemeji, leo upeleleze chumvi tu."

FUNZO

Mwenzio akipata, muulize kapataje, au mpe hongera. Usimkalie kimya ukamtungia kesi moyoni. Mwizi huiba fungu, ila kijicho hubomoa ghala zima, nawe umo ndani. Noa aliyasema haya mwenyewe pale msibani, mbele ya maaskari wote, machozi yanamtoka, akawaomba waanze upya na sufuria ile ile. Wao wakasogezeana mikeka, wali ukapakuliwa, wakakaa chini wote, wakala.