Raki ya Jirani

Alhamisi, saa 1:10 asubuhi. Mukuyuni.

Chumba kilinuka dawa ya kuku. Mbele kulikuwa na duka la pembejeo. Huku nyuma kulikuwa na meza moja, viti vinne, na seva iliyokufa. Mulwa aliiwekea kiganja juu kama mtu anayempima mtoto homa.

"Hii inaingia," alisema. "Ile inatoka. Zinafanana kama mapacha. Nani hajaelewa?"

Mulwa hakupenda kujibiwa. Alikuwa mfupi, mpana, koti la kijivu, sauti ya mhubiri. Kabla ya kila kazi aliomba. Leo aliomba haraka haraka.

Kwa miezi miwili walikuwa wapangaji halali. Yvonne, mwanamke wa suti na maneno matamu, alisajili kampuni ya nafaka ya Kyuso ambayo haikuwa na hata gunia moja la ndengu. Kisha akaenda kwenye kituo cha data nje ya Malili, akakodi raki: kabati la chuma lenye kufuli, umeme usiokatika, ubaridi mchana na usiku. Wenye mali huweka seva zao pale kwa sababu ni salama. Genge liliweka yao kwa sababu ya jirani. Raki ya kumi na sita ilikuwa yao. Ya kumi na saba ilikuwa ya kampuni moja ya kamera. Ndani yake zilikaa picha za ghala moja la Kyuso, za siku ambayo mlinzi aliuawa.

Hakukuwa na nakala nyingine. Kesho, Ijumaa, polisi wangefika na amri ya korti kuzichukua.

"Kesho wakute hewa," Mulwa alisema. Akamgeukia Nthiwa, fundi wao. "Ndugu yako ako kwa hiyo picha. Mimi nimeiona na macho yangu. Ikifika kortini, Musyimi haoni jua tena."

Nthiwa aliinamisha kichwa. Musyimi alikuwa mdogo wake wa pekee, na huu ulikuwa mwezi wa tano akiwa rumande Kitui. Hakuwa amemtembelea hata mara moja. Mulwa alikataza. Jina lako likiingia kwa kitabu cha jela, alisema, umetuuza sote.

"Na yule fundi wa kule, Mutiso?" aliuliza Liban, dereva. "Akikaa hapo kama gundi?"

"Mutiso ni beshte ya Salim," Yvonne alisema, na wote wakacheka isipokuwa Nthiwa.

Salim alikuwa yeye. Kadi yake ya kituo ilisema Salim Athmani, mzaliwa wa Malindi, hana mke. Hiyo ilikuwa akili ya Mulwa. Mkamba akiona wewe ni mtu wa pwani, atapiga simu kwa Kikamba mbele yako bila kushusha sauti. Na kweli Mutiso alipiga. Siku moja alimsomea mwenzake namba za kufuli la raki ya kumi na saba, tarakimu baada ya tarakimu, kwa Kikamba safi, na "Salim" akachezea nyaya kwa uso wa mtu asiyesikia kitu.

"Ikitoka, tunaileta hapa, moja kwa moja kwa tanuri la matofali," Mulwa alisema. "Moto umewashwa tangu jana. Twende."

Saa 4:05 asubuhi. Malili.

Mulwa na Liban walibaki kwenye pikapu, uwanja wa magari. Yvonne alitangulia. Nthiwa alisukuma kitoroli chenye seva mfu.

Mutiso aliwapokea mapokezi, kijana mrefu mwenye funguo nyingi kiunoni. "Salim, mtu wa nazi. Umeoa?"

"Bado natafuta, kaka."

"Utazeeka ukijioshea sufuria. Weka kidole hapa."

Kuingia ukumbi wa seva kulikuwa na njia moja tu: kijumba cha vioo chenye mlango mbele na mlango nyuma. Wafanyakazi walikiita lifti, ingawa hakikupanda wala kushuka. Mlango wa kwanza ulijifunga ndipo wa pili ufunguke. Kamera juu ilihesabu vichwa. Wawili, sawa. Watatu, milango yote miwili ilikaza mpaka mkuu wa ulinzi aje na ufunguo wake.

Yvonne na Mutiso walipita kwanza. Kisha Nthiwa na kitoroli.

Saa 4:22.

Ndani kulikuwa baridi. Feni zilinguruma kama nzige juu ya shamba. Raki zilisimama safu kwa safu, nyeusi, macho yao ya kijani yakipepesa.

"Seva yetu nyingine imeharibika, tunaenda nayo," Yvonne alimwambia Mutiso. "Lakini fomu ya kutoa mali nimesahau mezani kwako. Utanisaidia, mkubwa?"

Sheria ilisema asiwaache peke yao. Mutiso alisita. Yvonne akatabasamu. Mutiso akaenda.

Dakika kumi.

Nthiwa aliingiza namba za kufuli. Mlango wa raki ya jirani ukafunguka bila sauti. Alichomoa nyaya, akafungua skrubu, akaivuta seva kwenye reli zake. Nzito. Waliilaza kitorolini, wakasukuma ile mfu mahali pake, wakaiwashia umeme. Taa zikawaka, ingawa diski zake zilikuwa zimekufa. Kwenye ile ya kitorolini Yvonne alibandika stika ya kampuni yao na namba iliyokuwa kwenye fomu.

"Haraka. Wenyewe wakiona imezima watapiga simu."

"Nakaza skrubu."

"Skrubu za nini? Unajenga kanisa?"

"Mimi niko hapa kwa sababu ya ndugu yangu," Nthiwa alisema. "Wewe uko hapa kwa sababu ya tumbo. Usinifunze haraka."

Yvonne alicheka, kicheko kikavu kama ganda la ndengu. "Ndugu yako. We ni mjinga, Nthiwa. Unajua ni nani aliomba hizo picha kortini?"

"Polisi."

"Wakili wa Musyimi. Polisi wametumwa tu. Ni Musyimi anazitaka, kwa sababu hakuwa huko. Mimi nilikuwa huko. Niliendesha gari. Uso uko kwa hiyo diski ni wa Mulwa."

Feni ziliendelea kunguruma. Nthiwa alisimama na bisibisi mkononi. Miezi mitano. Mdogo wake alikaa kwenye simiti akimngoja shahidi mmoja, na yeye, kaka mkubwa, ndiye aliyekuja kumzika shahidi huyo.

Aliinama aishike seva airudishe.

"Acha," Yvonne alisema. Alikuwa amechukua bisibisi ndefu kutoka mfuko wa vifaa. Hakuwa akicheka tena. Alionekana kama mtu aliyejiuma ulimi. "Ni hasira ilinitoa maneno. Lakini sikiza. Mulwa ana mtu ndani ya hiyo rumande. Nikipiga simu moja, Musyimi hafiki kesho. Hii ikitoka, anaishi. Amefungwa, lakini anaishi."

Hatua za Mutiso zilisikika mwisho wa safu.

"Sukuma," Yvonne alinong'ona.

Nthiwa akasukuma.

Saa 4:48.

Mutiso alilinganisha namba ya stika na ya fomu. Zilikuwa sawa. Akabonyeza kitufe, na mlango wa ndani wa lifti ukafunguka.

Ndani mlikuwa na mtu. Mwanamke wa makamo, aproni ya bluu, leso mabegani, akipiga deki sakafu.

"Ingia tu, Salim," Mutiso alisema. "Ni mama wa usafi, ameanza Jumatatu. Wawili mnatosha."

Mwanamke aliinua uso.

Jina lake lilikuwa Katunge. Nthiwa hakuwahi kulitamka. Alikuwa mama wa Mbithe, mke wake wa miaka minne. Juma lililopita Mbithe alisema mama amepata kazi ya usafi kwa ofisi fulani. Nthiwa hakuuliza ofisi gani. Mkwe hachimbi habari za mama mkwe.

Kwa Wakamba wa nyumba zao, mwanamume hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Akimwona njiani, anaiacha njia. Chumba kimoja chembamba naye, hawezi. Inaitwa nthoni, na neno hilo moja limebeba heshima na aibu pamoja. Vijana wengi wa mjini wameitupa. Nthiwa aliiba tangu darasa la saba, akavunja makufuli, maduka na ahadi. Nthoni hakuwahi kuivunja.

Mwili wake haukungoja akili. Aliachia kitoroli. Akarudi nyuma hatua tatu, akashusha kofia mpaka machoni, akageukia ukuta. Na ndani ya lifti Katunge alivuta leso usoni, akageukia kioo.

Walisimama hivyo, migongo kwa migongo, kama watu wawili waliofundishwa na mama mmoja.

Mutiso aliwatazama. Alianza kutabasamu, kwa sababu hata kwao Mwala mambo yalikuwa hivyo. Kisha tabasamu likafa.

"Hiyo ni nthoni," alisema polepole. "Salim. Mtu wa Malindi, hana mke. Wewe ni Mkamba. Miezi miwili mimi naongea kwa simu, wewe unaskia yote."

Mkono wake ulienda kwenye redio. Yvonne alimpiga na kona ya kabrasha lake gumu shingoni, Mutiso akaanguka kwenye nyaya. Yvonne akashika kitoroli, akakiingiza kwenye lifti, kando ya Katunge. Vichwa viwili. Mlango ulianza kujifunga.

Upande wa pili kulikuwa na hatua nane mpaka mapokezi, kisha pikapu, kisha tanuri.

Nthiwa aligeuka kutoka ukutani. Mbele yake ulikuwa ule mlango, na nyuma ya mlango mama mkwe. Akajibana ubavu, akaingia.

Vichwa vitatu.

Milango yote miwili ikakaza. Taa ikawa nyekundu. King'ora kikalia.

Saa 4:51. Uwanja wa magari.

Geti la chuma lilishuka lenyewe. Mulwa aliruka nje ya pikapu, akapita penye waya uliolegea, akakata mbuga kuelekea barabara kuu. Hakumwita mtu.

Liban alibaki na mikono yote miwili juu ya usukani. Walinzi walipofika, hawakuhitaji kumuuliza mara mbili.

"Ameenda kule," alisema. "Koti ya kijivu. Anaitwa Mulwa. Mimi nilisema nitaendesha gari tu. Na mwambie polisi apige simu rumande Kitui, mara moja. Musyimi atolewe seli ya pamoja. Huyo Mulwa ana mtu huko."

Saa 4:52.

"Fungua," Yvonne alipiga kioo. "Fungua." Kioo hakikutikisika. Akaigeukia seva. Aliinua bisibisi kwa mikono miwili, juu ya mahali diski zinapokaa.

Nthiwa akajilaza juu ya seva.

Pigo la kwanza lilishuka chini ya mbavu. La pili karibu na uti wa mgongo. Hakujikinga. Alikumbatia chuma kile kama mtu aliyeshika mtoto mvuani. Pigo la tatu halikufika: Katunge, leso ingali usoni, alikuwa amezungusha mti wa deki, na mti ukampata Yvonne sikioni. Yvonne aliteleza kwenye maji ya sabuni, akakaa chini, akabaki amekaa.

Damu ilichanganyika na povu. Nthiwa alijaribu kugeuza uso upande wa ukuta. Hakukuwa na ukuta. Kila upande ulikuwa kioo, na kila kioo kilikuwa na yeye.

"Mwaitu," alisema kwa Kikamba. Mama. Kwa miaka minne hakuwa amemwambia neno. "Hii isiguswe. Musyimi hakuwa pale. Ni Mulwa. Mwambie Mutiso."

Katunge hakumjibu. Mama mkwe hamjibu mkwe. Aliteremsha leso kutoka usoni, akaikunja, akaibana kwenye jeraha. Upande wa pili wa kioo, Mutiso alikuwa amejiinua kwa magoti, akishika shingo.

"Mutiso," Katunge alisema, akiangalia kioo. "Mume wa binti yangu anasema hii isiguswe. Anasema Musyimi hakuwa pale. Anasema ni Mulwa."

Kioo kilikuwa kinene. Mutiso aliweka mkono sikioni, akatikisa kichwa.

Alirudia kwa sauti kubwa zaidi. Mutiso akatoa kalamu, akapindua ile fomu ya kutoa mali, akaandika nyuma yake, akainua karatasi amwonyeshe. Alikuwa ameandika jina moja tu, Musyimi.

"Sio hivyo," Katunge alisema. Akaanza tena, neno kwa neno, taratibu, kama mtu anayefunza mtoto kusoma. Chini ya kiganja chake mgongo wa mkwe wake ulipanda, ukashuka, na haukupanda tena. Aliuhisi. Hakunyamaza mpaka Mutiso alipomaliza kuandika.