Kilichobaki Kikombeni

Jumatatu asubuhi miche ya nyanya ilikutwa imelala kwenye tope. Bomba la kitalu lilikuwa wazi na maji yamefika mlangoni. Meneja alimnyooshea mtunza miche mkono.

"Nipe ufunguo wa kitalu. Umefanya kusudi."

"Niwazamishe wanangu mwenyewe? Bosi, leo umeamkia upande gani?"

Lakini alichelewa kuuachia ufunguo. Kitalu hicho alikianzisha marehemu mumewe. Bila ufunguo ule asingebaki na pa kwenda asubuhi.

Shemeji yake, mpelelezi mstaafu, aliomba apewe muda hadi jioni. Alikagua kufuli: zima. Bomba: zima. Harufu ya udongo mbichi ilimkumbusha marehemu kaka yake.

"Nani hufungua bomba?" aliuliza.

"Kompyuta," alijibu fundi programu. "Programu yangu hujumlisha maji ya kila mche, kisha hufungua bomba kwa kiasi hicho. Haijawahi kukosea."

"Hata leo?"

"Leo alfajiri tumeanza kwa kusafisha mabomba," mtunza miche alidakia. "Kwa kompyuta hiyohiyo. Maji mengi hayo, shemeji!"

Fundi alichukua kikombe rafuni, akamimina chai, akapiga funda na kuitema.

"Sabuni!"

"Nimekiloweka," mtunza miche alisema. "Hukuchungulia?"

"Nyumbani kwetu vikombe hukaa vitupu."

Mpelelezi alitabasamu. "Na hicho kiasi cha maji, kabla hujaanza kujumlisha, ndani yake kuna nini?"

"Sifuri."

"Uliiandika?"

"Haina haja, mzee. Lugha ya programu niliyojifunzia huweka sifuri yenyewe..." Akaweka kikombe chini polepole. "Hii siyo ile. Hii huacha chochote kilichokuwemo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Imejumlishia juu ya maji ya kusafishia."

"Mbona ulimwacha mama huyu asingiziwe?"

"Sikumwacha, mzee. Nilikuwa na hakika sijakosea."

Akaongeza mstari mmoja: maji = 0. Wakasafisha mabomba tena, kisha wakamwagilia. Kila mche uliosalia ulipata tone lake, bomba likajifunga.

Meneja alirudisha ufunguo kwa mikono miwili.

"Niupokee, au nitafanya kusudi?" mtunza miche aliuliza. Meneja akacheka kwa aibu.

Mpelelezi alijua kaka yake angecheka mpaka ashike mlango.

Mama alitia ufunguo mfukoni, akamgeukia fundi. "Lete kikombe nikuoshee, mwanangu. Leo tu. Kesho chungulia mwenyewe."