Madumu ya Dizeli Chini ya Kitanda Changu

Nina miaka kumi na saba na nasoma kidato cha tatu hapa Mwanza. Mwalimu akinisimamisha nisome mbele ya darasa, sauti inakwama kooni mpaka wenzangu wanacheka. Mambo yangu huwa nayaandika tu nikiwa peke yangu. Lakini hili la baba nimeona nisilifiche... Huenda hata nyumbani kwako, msomaji, kuna harufu ambayo hakuna anayeiuliza.

Baba alikuwa dereva wa malori tangu sijazaliwa. Alikibebea chama cha ushirika pamba kutoka vijiji vya Misungwi na ng'ambo Sengerema, akiileta mjini kuchambuliwa. Madereva wenzake walimwita Kobe, kwa sababu kila mteremko aliushuka kwa gia nzito, lori likiunguruma, wao wakimpita na kumzomea: "Kobe, utafika Pasaka!"

Yeye alicheka tu. Mimi aliniambia, "Mlima unaoupanda kwa gia hii, mayu, ushuke kwa gia hiyohiyo." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Aliniita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, Kabula.

Kisha wakaja wanunuzi binafsi wa pamba. Ushirika ukayumba, malori yakaegeshwa mpaka nyasi zikaota kwenye matairi, na baba akapunguzwa kazi. Msimu mzima alikaa nyumbani kwetu Buswelu akifagia uwanja ambao mama alikwisha kuufagia. Mwanaume aliyezoea barabara, utamwambia nini?

Aliyemtafutia kazi alikuwa mjomba Faustine, mdogo wake mama. Alimpeleka kwa tajiri mmoja mwenye lori kuukuu. Siku hiyo mama alichinja kuku, tukamshukuru mjomba kama mkombozi... Laiti tungejua tulikuwa tunashukuru nini!

Tajiri alilipa kidogo, tena kwa kuchelewa, na dizeli aliitoa kwa kipimo cha safari. Mjomba naye alikuwa akiuza dizeli ya madumu kando ya barabara. Nikiwa jikoni nilimsikia akimwambia baba, "Shemeji, siku hizi mshahara wa dereva uko kwenye mteremko. Weka gari fri, bila gia, lishuke lenyewe. Kinachobaki kwenye tangi, niletee mimi."

"Faustine, mimi nina watoto," baba alijibu.

"Ndiyo maana nakwambia. Au karo ya Kabula utailipa kwa gia nzito?"

Nilisubiri acheke, kama alivyowacheka wale waliomwita Kobe. Hakucheka.

Haukupita muda dumu la kwanza likaingia ndani, likasukumwa chini ya kitanda changu, maana chumba changu hakikuwa na dirisha la barabarani. Likafuata la pili. Yakazidi. Mjomba alikuja kuyachukua, na baba akaleta mengine. Harufu iliingia kwenye godoro, kwenye sare ya shule, mpaka kwenye chapati. Jirani yangu wa dawati aliniuliza kama kwetu tumefungua gereji.

Nilipomlalamikia mama, alinijibu taratibu, "Lala, mwanangu. Hiyo harufu ndiyo shule yako."

Likizo moja baba alinichukua kwenye lori twende Misungwi kumsalimia bibi. Tulipofika juu ya kilima fulani alisukuma gia katikati. Ule muungurumo niliouzoea tangu utoto ukapungua. Kisha akageuza ufunguo... injini ikazimika kabisa! Tukawa tunashuka na lori zima kwa mlio wa upepo dirishani na matairi kwenye changarawe. Mbuzi waliokuwa barabarani hawakutusikia mpaka tulipowafikia.

"Umesikia, mayu?" baba aliniuliza, macho mbele. "Kimya. Hapo ndipo dumu linajaa."

Alikusudia utani. Lakini niliona jasho likimtoka chini ya kofia, na mguu wake hauondoki juu ya breki. Nilitaka kumuuliza ile sheria yake imekwenda wapi. Maneno yakakwama kooni kama darasani.

Kuanzia hapo kila dumu lililoingia chumbani nililitazama kwa jicho jingine. Hili ni kilima gani? Na hili? Baba alikohoa kwa kunyonya mafuta kwa mpira, akaanza kusukutua kwa maziwa. Jioni moja alikuja akakaa kitandani kwangu, akayatazama yale madumu.

"Harufu hii inakusumbua?"

"Hapana, baba," nilisema.

Akanishika kichwa, akatoka.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mzee Masanja, dereva mwenzake wa tangu ushirika, aliyekuwa nyuma yake siku hiyo upande wa Sengerema. Lori la baba lilikuwa limejaa pamba. Barabara pale inateremka moja kwa moja mpaka ziwani, kwenye kivuko. Baba alizima injini juu kabisa.

Breki za malori yale hufanya kazi kwa upepo, na upepo hujazwa injini ikiwa inazunguka. Baba alikanyaga, akakanyaga tena, upepo ukaisha. Alijaribu kuwasha, likagoma. Alijaribu kuingiza gia, ikakataa. Hata honi nayo ilikuwa ya upepo... ikafa pamoja na breki.

Chini walikuwepo kina mama wanaouza samaki wa kukaanga, na abiria wanaosubiri kivuko, wote wameligeuzia lori mgongo. Nani angelisikia? Mzee Masanja anasema alimwona baba ametoa kichwa na mkono dirishani, anapiga kelele kwa mdomo wake mwenyewe, "Ondokeni! Ondokeni!" Baba yangu, ambaye nyumbani hakuwahi kupaza sauti hata kumwita kuku.

Waliokuwa karibu waligeuka, wakakimbia. Wengine hawakuwahi. Baba akakata usukani, akawakwepa, akaingia ziwani. Hakuguswa mtu hata mmoja. Magunia ya pamba yalielea. Lori halikuelea.

Tulimzika Buswelu. Siku iliyofuata, waombolezaji wakiwa wamekaa uwanjani, mjomba Faustine alinifuata mlangoni kwangu, macho yamemvimba kwa kilio. Akaniinamia sikioni.

"Pole, mpwa wangu. Yale madumu... bado yapo? Nikiyaacha, watu wataanza kuuliza."

Niliingia ndani, nikapiga magoti, nikavuta dumu la kwanza. Nikaliburuta mpaka uwanjani, nikaliweka katikati ya watu. Nikarudi kuchukua jingine. Mazungumzo yakakatika. Nilipoleta la mwisho nilisimama, na kwa mara ya kwanza maishani sauti ilitoka.

"Hii ndiyo milima aliyoshuka baba bila gia. Mjomba amekuja kuichukua."

"Mtoto amechanganyikiwa na msiba," mjomba alisema akijaribu kutabasamu.

Mama alifunika uso kwa khanga. Mzee Masanja alifungua kifuniko, akanusa, akafunga. "Faustine, chukua mzigo wako. Lakini beba mwenyewe, na upite hapahapa mbele yetu."

Nilidhani ataona haya, aache. Aliyachukua! Alibeba mawili mawili, akaenda, akarudi, watu wakimtazama, mpaka uwanja ukabaki na miduara ya unyevu tu.

Wasomaji wenzangu, simchukii mama, naye hulala kwa shida. Shule bado nasoma, na godoro langu bado linanuka. Ninachoomba ni hiki. Usingoje matanga ndipo sauti ikutoke. Mzazi wako akirudi safari na kitu mkononi, mpokee, mpe maji, mwambie shikamoo. Kisha, hata kama maneno yanakwama kooni, muulize ameshuka kwa gia gani.