Aliyetia Sahihi Kabla Yetu

Sikwenda pwani kutembea. Nilikwenda kumfumania mume wangu, niseme ukweli.

Baba Kidoti ni fundi umeme. Wiki nzima yuko juu ya ngazi, lakini Jumamosi ikifika hashikiki, anashuka ufukweni na simu mkononi kutafuta makopo. Ndiyo, makopo. Ni mchezo wa watu wazima na akili zao: mtu anaficha kopo, anaweka alama ya mahali hapo kwenye simu, wengine wanalitafuta. Ukilipata unaandika jina lako la mchezo kwenye kidaftari kilichomo ndani. Humo mnakuwa na vitu vidogo vidogo pia. Ukipenda kimoja, chukua, ila uache kingine cha thamani ileile.

Mchezo wenyewe haukunisumbua. Kilichonisumbua ni picha za vidaftari kwenye simu yake. Kila ukurasa, juu ya jina lake, jina lilelile kwa wino wa kijani: Nimetangulia. Siku ileile, tarehe ileile. Mwandiko wa kike, wa madaha.

Basi Jumamosi ile nikamfunga Kidoti mgongoni, ana miezi tisa, nikapanda pikipiki nyuma ya baba yake. "Leo tunakwenda wote."

Hakukataa. Hilo nalo likaniudhi.

Tulifika jua limeshaanza kulegea. Kopo la kwanza lilikuwa ndani ya bomba la maji ya mvua, kwenye ukuta wa kuzuia mawimbi. Mchanga ulikuwa umenyooka kama shuka lililopigwa pasi, maji yalikuwa yametoka kuuosha muda huohuo. Nyayo zilikuwa zetu tu.

Nikalifungua mimi. Nimetangulia. Tarehe ya leo. Nikapitisha kidole, wino ukanipaka.

"Mke mwenzangu ana mwandiko mzuri," nikasema.

"Mama Kidoti, huyo mtu simjui hata kwa sura."

"Na yeye anakujua kwa lipi?"

Akacheka, kicheko cha mtu asiye na kesi. Au aliyezoea kesi.

Ndani mlikuwa na bangili ya shanga nyeupe. Ndogo! Nikailazimisha mkononi kwa wivu: kumbe ana mikono myembamba, na mimi tangu nijifungue hata pete ya ndoa hainiingii. Nikaivaa hivyohivyo, inanibana, ili kama amejificha mahali aione vizuri.

"Acha kitu," Baba Kidoti akaninong'oneza. "Ndiyo sheria."

"Nimwachie nini tena? Si namwachia wewe kila Jumamosi?"

Kopo la pili lilikuwa kwenye vyumba vya waogeleaji vya kubadilishia nguo, vilivyoachwa siku nyingi, milango imeng'oka. Chini ya benchi la saruji. Mle ndani mlikuwa na baridi, na harufu... maziwa yaliyochacha. Nikajinusa kifua. Haikuwa mimi.

Wino mbichi tena. Safari hii chini ya jina palikuwa na maneno.

*Mama mwenzangu, umechukua. Hujaacha.*

Nikamgeukia mume wangu nimkamate usoni. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Nani amemwambia kuna mama hapa?" akanong'ona. "Mimi sijamwambia mtu."

Nikaivuta ile bangili niirudishe. Uzi ukakatika. Shanga zikamwagika sakafuni, tik, tik, tik, zikabingirika zote upande mmoja, zikaingia kwenye tundu la maji. Hata moja haikubaki. Kama zimeitwa.

Halafu, chumba cha pili, mtu akavuta pumzi.

Sijui nilifikiri nini. Sikufikiri! Nilipeleka mkono nyuma, nikavua kitu cha kwanza nilichogusa, soksi ya Kidoti, nikaitumbukiza koponi, nikafunga. Haya, tumelipana, niachie mume wangu.

Nikalirudisha chini ya benchi.

Kisha Kidoti akacheka. Kile kicheko chake cha kutekenywa unyayo.

Mgongo wangu ukawa mwepesi.

Sisemi mtoto alitoka. Nilimshika, alikuwepo, niligusa paja lake... lakini kitambaa kilining'inia begani kama nimebeba nguo tupu. Na kule chumba cha pili sauti ikaanza kubembeleza, taratibu, bila maneno, kama ya mtu aliyengoja zamu yake muda mrefu.

"Toka," mume wangu akasema. "Toka, toka, toka!"

Uzito ulirudi tukiwa tumeshafika barabara kuu. Nyumbani nilipomfungua, ule mguu usio na soksi ulikuwa na mchanga mbichi katikati ya vidole. Kidoti hajui kutembea. Siku ile hakukanyaga chini hata mara moja.

Jumapili mchana Baba Kidoti akarudi kule na kaka yake. Kopo lipo. Soksi haipo. Akawauliza wachezaji wenzake kwenye simu, wengi wakasema jina hilo hawajawahi kuliona. Mmoja tu, mkongwe wao, akaandika: miaka ya nyuma alikuwepo mwanamke aliyetafuta makopo na mwanawe mgongoni. Jioni moja alirudi na kitambaa kitupu. Akawa anawaambia watu kwamba mtoto amefichwa tu, atampata. Baadaye hata yeye hakuonekana.

Nikamwambia Baba Kidoti amuulize, yule mtoto alikuwa amevaa nini mkononi?

Lakini mimi nimeshajua. Bangili ile haikuwa ya mkono mwembamba. Ilikuwa ya mkono mdogo.

Sasa ni wiki ya tatu. Jua likizama Kidoti anakataa ziwa langu, anafunga mdomo, na bado analala ameshiba. Jana alisema neno lake la kwanza. Mama! Nikaacha sufuria jikoni, nikapiga magoti, nikamfungulia mikono.

Akatambaa akanipita.

Akafika mlangoni, akainua mikono yote miwili juu, kama anavyofanya akitaka kubebwa. Hapakuwa na mtu. Nikamnyakua, nikamwambia, "Mama ni mimi. Ni mimi, Kidoti." Akanitazama kwa upole tu, kama mtu anavyomtazama jirani.

Na mimi niliyekuwa nikigombania mume! Haki ya Mungu, mume ningempa.