Wakaniambia Sijui Kuwa Mhindi

"Mimi hapana taka veve gusa gari yangu, bana!"

Redio ikasema hivyo, na sebule nzima ikapasuka kwa kicheko.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya vikombe. Mimi sikucheka...

Kwa sababu aliyekuwa anaongea redioni ni Mama Gia. Na Mama Gia ni mimi! Mimi ndiye ninayemuigiza kwenye ule mchezo, kila Jumapili mchana, nchi nzima inajua.

Lakini ile sauti haikuwa yangu.

Wiki ile nilitumiwa ujumbe: "Usije studio, safari hii Mama Gia hayumo." Nikashukuru Mungu, nikapumzika zangu. Kumbe yumo! Tena kapewa mdomo wa mtu mwingine.

Nikatega sikio. Yule mtu akavuta pumzi, akakohoa kidogo, halafu akacheka.

Jamani... kile kikohozi nakijua.

Ilikuwa sauti ya wifi yangu!

Wifi yangu, dada wa tumbo moja na mume wangu. Mtu aliyesimama upande wangu siku ya ndoa, wakati ndugu zangu wenyewe walikataa kuja kwa sababu naolewa na mtu mweusi. Na ndiye mwandishi wa ule mchezo. Mama Gia kamzaa yeye, kwa kalamu yake.

Nikaweka trei chini kabla haijaniponyoka.

"Mkwe, njoo ukae, unapitwa!" mama mkwe akaniita huku anafuta machozi ya kicheko. "Leo wamempata Mhindi hasa!"

Nikakaa. Ungefanya nini?

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Mimi ni Mhindi. Usiniulize wa wapi, maana hata baba hajui. Ukoo wetu umezaliana hapahapa mpaka habari za tulikotoka zimepotea. Kiswahili ndiyo lugha niliyonyonya. Naota kwa Kiswahili, nagombana na mume wangu kwa Kiswahili, na nikijikwaa dole gumba natukana kwa Kiswahili fasaha kabisa.

Kazi yangu ni kuigiza kwenye redio. Nimeanza nikiwa msichana.

Na katika miaka yote hiyo, mnajua nimeigiza nini?

Mwenye duka bahili. Mke wa mwenye duka bahili. Mama mwenye nyumba anayefukuza wapangaji. Mwenye duka bahili aliyekufa, anarudi ndotoni kudai haki yake. Basi!

Sijawahi kuwa daktari. Sijawahi kupenda mtu. Hata mwizi sijawahi kuwa, maana mwizi anahitaji kukimbia, na kwa waandishi wetu Mhindi hatoki nyuma ya kaunta.

Nikachoka, ndugu zangu. Kuna kuchoka kwa kulala ukaamka mzima, na kuna kuchoka kwa kuamka nako.

Siku moja wifi akaja kwangu jikoni, akanikuta nafanya mazoezi ya "veve nataka nini". Akaniangalia weee...

"Wifi, kwani unaongeaga hivyo?"

"Naongea hivyo nikilipwa."

Hakucheka. Akavuta kigoda.

"Nitakuandikia mtu," akasema. "Mtu mzima, mwenye akili na makosa yake."

Na kweli akamwandika! Mama Gia, mwalimu wa udereva. Mwanamke mwenye hasira za karibu, mwongo kidogo, anayempenda mwanafunzi wake mmoja aliyefiwa na mke, asiyeweza kurudi nyuma na gari bila kugonga kitu. Mhindi, ndiyo, limetajwa mara moja tu pale mwanzo, kisha maisha yakaendelea.

Nilipousoma mchezo ule mara ya kwanza nilitoka nje nikasimama ukutani. Sikutaka watu wanione.

Vipindi vya mwanzo tukarekodi vizuri. Studio yetu ni chumba kidogo, kuta zimepigwa mablanketi, feni inazimwa ili isisikike, kwa hiyo tunaigiza mapenzi huku jasho linatiririka mgongoni. Mimi huvua viatu. Naona sauti inatoka chini zaidi.

Siku moja prodyuza akasimamisha kazi. Akaingia ndani, headfoni shingoni.

"Dada, kuna tatizo. Husikiki Kihindi."

"Sisikiki vipi?"

"Hii ni redio, haina picha! Msikilizaji atajuaje kwamba wewe ni Mhindi?"

"Kwani lazima ajue kila nikifungua mdomo?"

Akanishangaa kwa dhati kabisa.

"Sasa tumekuweka wa nini?"

Majibu yalikuwepo mengi mno, yakabanana mlangoni.

Wifi akanijibia. "Haongei hivyo, bosi. Mimi ndiye niliyemwandika, namjua."

"Unamjua wewe. Wasikilizaji je? Kuna mama mmoja anapiga simu kila Jumapili. Kila Jumapili! Anasema huyo si Mhindi. Nimwambie nini?"

"Mwambie anikute mtaani," nikasema.

Watu wakacheka, tukarekodi, yakaisha. Au nilidhani yameisha.

Kumbe nyuma ya mgongo wangu ndiyo yalikuwa yanaanza...

Kesho yake, baada ya ile Jumapili ya trei, nikaenda studio. Sikupiga hodi.

Wifi alikuwa mbele ya kipaza sauti, karatasi mkononi. Amevua viatu!

Mwanamke huyu kanichukulia kazi, kanichukulia mtu wangu, na hata miguu mitupu kaichukua. Nikamwangalia mpaka akaona haya.

"Wifi..."

"Usiniite wifi."

"Nisikilize kwanza. Bosi alisema ama lafudhi, ama Mama Gia anagongwa na lori. Nikaona heri awe hai."

"Hai? Yule uliyemwigiza jana ni hai?"

"Nilijua wewe huwezi kukubali..."

"Kwa hiyo ukakubali kwa niaba yangu."

"Nilitaka kukulinda!"

"Wifi, mimi nimetukanwa na watu wengi nisiowajua. Nimezoea. Lakini wewe unanijua. Umekula kwangu, umelala kitandani kwangu, umenishika mkono nikijifungua. Wewe ulikuwa unajua kwamba mtu wa namna ile hayupo, na bado ukafungua mdomo ukamtoa."

Akaanza kulia. Prodyuza akagonga kioo kwa nje, anatuonyesha saa.

Nikaondoka zangu.

Lakini mjue, adhabu yenyewe ilikuwa haijafika. Ilifika siku chache baadaye, imevaa sare ya shule.

Binti yangu ana rangi ya kati, nywele za baba yake, pua yangu. Akarudi amenuna, akatupa begi.

"Mama, wewe ni Mhindi feki?"

"Nani kasema?"

"Wenzangu. Wanasema Mhindi wa kweli anaongea kama Mama Gia. Wakaniambia na mimi niongee hivyo. Nikasema sijui. Wakasema basi hata mimi ni feki."

"Wewe ukafanyaje?"

Akainamisha kichwa.

"Nikaongea. Wakacheka, wakanipa nafasi kwenye kamba ya kuruka."

Akanionyesha. Mtoto wangu, sebuleni kwangu, akaanza: "Veve nataka nini..." Na alikuwa hodari! Hodari kuliko mimi, kuliko shangazi yake.

Hapo ndipo nilipokaa chini sakafuni. Sikulia kwa kelele. Machozi yalijitokea yenyewe, kama bomba bovu.

Mume wangu aliporudi akanikuta hapohapo. Yeye ni fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache. Akaweka boksi lake la spana, akakaa pembeni yangu. Nikamweleza yote, kuanzia dada yake, lile lori, prodyuza, mpaka yule mama anayepiga simu kila wiki.

"Huyo mama nimlaani vipi sijui," nikasema. "Bila yeye, haya yote yasingetokea. Kila Jumapili anapiga, huyo si Mhindi, huyo si Mhindi! Nimemkosea nini?"

Nyuma yetu kitu kikaanguka.

Tukageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye korido. Kikapu chake kilikuwa chini, vitunguu vinabingirika sakafuni, na mkono wake uko mdomoni.

"Mama?" mume wangu akasema.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini, mama?"

"Mimi ndiye ninayepiga."

Ndugu zangu...

Mama mkwe wangu! Mama aliyenipokea nilipofukuzwa kwetu. Mama aliyemwogesha mtoto wangu siku arobaini nzima!

"Mama... kwa nini?"

Akakaa kwenye kiti polepole, kama mtu mwenye nyonga mbovu.

"Walikutangaza pale mwanzo, Mama Gia ni Mhindi. Nikachukia. Nikawapigia, nikawaambia acheni ujinga, huyo si Mhindi, huyo ni mwanangu! Kila wiki niliwaambia, na kila wiki wakanikata kabla sijamaliza. Mnamwita Mhindi wa nini, mtoto mzuri, ana adabu, anapika, anasema kama sisi? Nilikuwa nakutetea, mama!"

Mume wangu akainama, akaanza kuokota vitunguu.

Basi mnaona? Mama alisema "si Mhindi" kwa mapenzi. Prodyuza akasikia "si Mhindi" ya malalamiko. Katikati yao nikapotea mimi.

Na kilichoniuma zaidi sio kwamba amepiga simu. Kilichoniuma ni kwamba miaka yote hii, ili anipende, ilibidi kwanza aniondoe Uhindi, auweke nje kama viatu vyenye tope. Ndiyo maana siku ile alicheka mpaka akatoa machozi. Kwake yeye, yule wa redioni ndiye Mhindi. Mimi sikuwemo kabisa.

Ningeweza kupiga kelele. Sikuwa na nguvu hizo.

"Mama," nikasema, "mimi ni Mhindi."

"Usijiseme hivyo..."

"Si tusi, mama. Baba yangu Mhindi, mama yangu Mhindi, mimi Mhindi. Na ni mwanao. Yote mawili."

Akanitazama. Mzee yule ana miaka mingi, na nadhani hakuna aliyewahi kumwambia sentensi ile.

"Yote mawili," akarudia, kama anayeonja chumvi.

"Ndiyo, mama."

"Basi niliharibu."

"Uliharibu, mama. Lakini hukuwa peke yako."

Jumapili iliyofuata akapiga tena. Tulikuwa wote sebuleni, wifi pia, kaja bila kualikwa, kakaa kwenye kona karibu na mlango. Mama akaunganishwa hewani.

"Mimi ndiye yule mama," akaanza. "Nilisema huyo si Mhindi. Nilikosea! Ni Mhindi, na ndivyo Mhindi anavyoongea, kama mimi na wewe! Huyo mliyemweka sasa ndiye sijui ni mnyama gani..."

Wakamkata. Wakaweka muziki.

Wifi akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Akaja akapiga magoti mbele yangu. Mkubwa kwangu kiumri, akapiga magoti!

"Nimeacha," akasema. "Nimewaambia siandiki tena na sisomi tena."

"Na Mama Gia?"

"Wamesema jina ni lao. Watatafuta mwingine."

Na walimpata. Mnaotaka mwisho mtamu, poleni. Mama Gia yupo mpaka leo, kila Jumapili, "veve" na "bana" nyingi, na nasikia wasikilizaji wameongezeka. Lile lori halikumgonga. Siku nyingine natamani lingemgonga.

Mimi sasa narekodi matangazo ya hospitali. "Mwenye namba kumi na tisa, chumba cha pili." Ni sauti yangu ile. Wagonjwa wanainuka wanaenda, hakuna anayeuliza ni ya kabila gani.

Wifi tumeelewana, ingawa haikuwa siku moja. Anaandika kitabu. Huja na kurasa zake, anauliza, "Hapa angekasirika?" Namwambia, "Hapa angedanganya." Anaandika.

Binti yangu nilimfuata shuleni. Sikuhutubia. Nilishika ncha moja ya kamba nikawazungushia mapumziko yote, huku nawapigia soga za kawaida za mama wa kawaida. Mmoja akaniuliza, "Wewe ndiye mama yake Mhindi?" Nikamwambia ndiyo, ruka, zamu yako.

Na mama mkwe? Yeye amepitiliza! Akikutana na mtu yeyote, sokoni, zahanati, popote, ananivuta mkono: "Mnamwona huyu? Mkwe wangu. Mhindi huyu! Mhindi kabisa! Muulizeni chochote!"

Nachoka jamani. Lakini nikimwangalia anavyojisikia fahari, nanyamaza, nasubiri swali.

Sasa niwaambie ninyi mnaoandika simulizi humu mtandaoni, maana mko wengi na tunawasoma. Mkituweka kwenye hadithi zenu, iwe Mhindi, Mwarabu, mweusi, mweupe au chotara, msituweke ili tu watu wajue tupo. Tupeni tamaa, tupeni uongo, tupeni mtu wa kumpenda. Msitufanye vikatuni, na msitupake asali mpaka tusitambulike.

Maana mtakachoandika leo, kesho mtoto wa mtu ataambiwa akiigize, ndipo apewe nafasi kwenye kamba.